Koja Lisilofungwa

Koja lilielea karibu na ngazi za gati, jeupe juu ya maji meusi, wala hapakuwa na mkono uliothubutu kulishika.

Hapo ndipo tulipomwacha Dafrosa, ewe msomaji: amepiga magoti juu ya mawe yenye barafu, akiliita jina la mtu asiyeitika. Kama gazeti la Jumamosi iliyopita lilikupita, habari yenyewe ni fupi. Mapuana Kahele, mwimbaji aliyezaliwa katika visiwa vya Hawaii, alikuwa aliage jukwaa jioni ile katika ukumbi mmoja wa Stockholm ulio kando ya maji. Tangu asubuhi hakuonekana. Kitanda chake kilikuwa kimetandikwa, koti lake halikuwapo ukutani, na sasa palikuwa na koja hili: okidi nyeupe zilizotungwa katika uzi, ambazo watu wa kwao huvishana shingoni kwa upendo.

Askari polisi wa kike aliinama, akamwuliza Dafrosa kama alilitambua.

"Ni lake," akajibu.

Hilo lilikuwa kosa lake la kwanza siku ile. Mwenye hofu hukiona kwanza anachokiogopa. Kilicho mbele ya macho yake hukiona baadaye.

Askari akaandika, kisha akauliza Mapuana alikuwa mtu wa namna gani.

"Ni mtu wa namna gani," Dafrosa akamrekebisha. "Hatujamzika."

Akaanza kusimulia, kwa maana kusimulia kulikuwa kama kumshika mkono asizame. Mapuana alizaliwa katika kisiwa cha Molokai, baba yake akiwa mchumaji wa mananasi. Alipokuwa binti mdogo, hoteli moja ya ufukweni Waikiki ilimwajiri, si kuimba, bali kusimama mlangoni na kuwavisha wageni makoja. Siku moja mwimbaji wa hoteli alilewa akashindwa kusimama. Meneja akamsukuma yule binti jukwaani, makoja yakiwa bado yamening'inia mkononi mwake. Aliimba. Wageni wakasahau kula.

Wimbo wake, "Mvua ya Halawa", ukatolewa katika santuri, na santuri ikazunguka dunia nzima. Alifika Japani, akafika Ujerumani, kisha akafika Uswidi, ambako mvua ya kweli ilimnyeshea bustanini akiimba wimbo wa mvua, na hakuna msikilizaji aliyeinuka kitini. Mpiga trombone aitwaye Bertil, mgane mwenye mtoto mmoja wa kiume, alimfunika kwa mwavuli mpaka ubeti wa mwisho. Mapuana aliupenda ule mwavuli, kisha akampenda aliyeushika. Hakurudi kwao tena.

Miaka ya fahari ikafuata. Watu wa televisheni walimtaka avae sketi ya majani juu ya theluji. Akaivaa, akawaambia watazamaji kwamba huko kwao hata mbuzi wangemcheka. Halafu fahari ikapita, kama kawaida yake. Akaimba katika meli za abiria ziendazo Ufini, akaimba katika nyumba za wazee. "Hadhira ni hadhira," alikuwa akisema, "hata ikiwa imelala."

Katika miaka hiyo ya shida ndipo alipompata Dafrosa, mwanafunzi wa ushonaji kutoka Bukoba, aliyeitwa kuirekebisha zipu iliyokatika mwimbaji akiwa karibu kupanda jukwaani. Zipu ilishonwa, na mshonaji akabaki kuwa mvishaji wake, mpaka vichwa vya wote wawili vikaota mvi pamoja.

Lakini liko jambo ambalo Dafrosa hakumwambia askari. Tangu majira ya baridi yaliyopita, Mapuana aliugua koo, na sauti yake ikawa ya kukwaruza kama bawaba ya mlango wa ghala. Hata hivyo, nyimbo mpya za Mapuana zilikuwa zikitoka redioni, laini kama maziwa, na vijana walizipenda. Meneja wake alieleza kwamba zilitoka katika kanda za zamani zilizookotwa darini.

Meneja huyo alikuwa Axel, yule mtoto wa pekee wa marehemu Bertil. Na ndiye aliyekuwa akija sasa, mbio, skafu ikipepea, macho yake mekundu.

"Nimechelewa," akasema. "Mungu wangu, nimechelewa."

Alimweleza askari kwamba mama yake wa kambo alimwachia ujumbe wa sauti, na kwamba alikuwa ameusikia sasa hivi tu. Akaiinua simu. Sauti ikatoka, na watu wote waliokuwa gatini wakasogea karibu.

"Axel, mwanangu, nimechoka," ilisema sauti ya Mapuana. "Maji ndiyo yaliyonileta, na maji yatanirudisha. Tamasha lisivunjwe. Waacheni watu wasikie nyimbo zangu. Na Dafrosa asinililie. Usilie, Tantine. Kwaheri."

Askari akaivua kofia yake.

Dafrosa hakulia. Hofu ilimwingia kwa njia nyingine, kutoka miguuni kupanda juu. Ile ilikuwa sauti ya Mapuana, naam. Lakini ilikuwa sauti ya Mapuana wa mwavuli na wa bustanini, sauti ambayo koo lile halikuwa nayo tena. Jana tu walikuwa wameongea, na kila neno lilitoka likikwaruza. Tena kwa miaka yote ya urafiki wao Mapuana hakuwahi kuanza mazungumzo wala kuyamaliza bila kuuliza, "Umekula?" Angewezaje kuaga dunia bila kuuliza?

Na jambo la tatu lilikuwa baya kuliko yote mawili. Mapuana hakumwita Tantine, yaani shangazi kwa Kifaransa, hata siku moja. Katika jiji zima la Stockholm alikuwapo mtu mmoja tu aliyemwita Dafrosa kwa jina hilo.

Raïssa. Mwitikiaji wa Mapuana jukwaani, binti wa Kirundi aliyekulia katika kitongoji cha Tensta, ambaye mama yake alimkabidhi kwa Dafrosa akisema: huyu ni wako, umlinde dhidi ya ulimwengu wa muziki.

Askari mwingine alikwisha kulivua koja majini kwa ndoano. Likawekwa juu ya mfuko wa plastiki, maji yakichuruzika.

"Limekatika," akasema.

Dafrosa akasogea. Vidole vyake, vilivyotunga makoja pamoja na Mapuana kwa miaka mingi, viliona kabla ya macho. Halikukatika. Kila ncha ya uzi ilikuwa imekazwa fundo lake yenyewe, kwa makini, na ncha hizo hazikuwahi kuunganishwa. Tangu lilipotungwa, koja hili lilikuwa wazi.

Tena uzi wenyewe ulikuwa bado umo ndani ya maua.

Hapo akajua kwamba Mapuana hakulitupa. Koja halitupwi jalalani. Hurudishwa kwenye udongo au kwenye maji. Lakini kwanza uzi huchomolewa, maua yakaenda huru, kwa sababu uzi ni kazi ya binadamu na bahari haikuuomba. Baada ya kila onyesho Mapuana alikuwa akisimama kwenye gati kama hili, akichomoa uzi taratibu na kuyaacha maua yaanguke, moja baada ya jingine. Asingelitupa na uzi wake, hata kama angekuwa anakufa.

Na koja lililo wazi? Dafrosa alikuwa ameliona mara moja tu kabla ya siku ile, wakati Josiane, mwimbaji mmoja wa kwaya, alipokuwa mjamzito. Mapuana alikataa katakata kumvisha koja la mduara. Mwenye mimba hafungwi shingoni, alisema, kitovu kisije kikamzunguka mtoto shingo. Dafrosa hakuhitaji kuelezwa mara ya pili. Mama yake mwenyewe huko Bukoba aliwakataza wajawazito kuvaa kamba shingoni.

Basi koja hili lilitungwa na Mapuana kwa ajili ya mwanamke mjamzito. Na miongoni mwa wanawake wa jukwaa lile, aliyekuwa na umri wa kuzaa alikuwa mmoja.

Alifumbua kinywa ili amwambie askari. Akakutana na macho ya Axel.

"Unaona nini, Dafrosa?" akamwuliza kwa upole.

"Naona maua."

Axel alikulia katika nyumba iliyojaa makoja, lakini hakuwahi hata siku moja kuishika sindano. Kwake koja lilikuwa koja. Akamshika Dafrosa bega, akamwambia kwamba tamasha litafanyika, kama alivyotaka marehemu. Gauni lake la buluu lisimamishwe katikati ya jukwaa juu ya kiunzi cha waya, likiwa tupu, taa moja ikiliangazia, na nyimbo zipigwe. Dafrosa akivishe kiunzi hicho vizuri, kama ambavyo angemvisha Mapuana mwenyewe.

"Litasimama peke yake na litaimba," Axel akasema. "Watu watalia."

Jana tu, katika chumba cha kuvalia, mtu huyu alimtaka Mapuana asimame hivyo hivyo, acheze midomo tu, kanda iimbe. Mapuana alikataa mbele ya Dafrosa. "Kesho nitaimba kwa sauti niliyo nayo," alisema, na ile sauti mbovu ilijaa chumbani kuliko santuri yoyote. Axel alitabasamu. Dafrosa alipaswa kuliogopa lile tabasamu.

Alisema anakwenda kulitafuta gauni. Alipofika pembeni mwa ukumbi, akashika njia ya kituo cha treni.

Kwa nini hakumwambia askari? Wako watakaomlaumu. Lakini jiweke mahali pake: kama ulimi uliosema katika simu ile ulikuwa wa Raïssa, basi kumtaja Raïssa ni kumpeleka mtoto wa mwenzako gerezani na mimba yake tumboni. Alitaka asikie kwanza kwa kinywa cha binti mwenyewe. Treni ya buluu ikapita chini ya jiji, na katika kila kioo cha dirisha Dafrosa aliliona gauni tupu.

Spéciose, mama yake Raïssa, alimfungulia mlango akiwa na mwiko mkononi. Nyumba ilinukia maharage na vitunguu.

"Karibu, dada. Ninyi Wahaya, hata mkija kuomba chumvi mnavaa kama mnakwenda ikulu. Na hivyo viatu vimelowaje?"

Dafrosa akamwuliza Raïssa yuko wapi.

Mwiko ukasimama hewani. "Yuko wapi? Si alilala kwako. Aliniambia mnashona mpaka asubuhi."

Wanawake wawili wakatazamana. Hakuna hofu ipitayo ile ya wazazi wawili, kila mmoja akidhani mtoto yuko kwa mwenzake.

Dafrosa akaketi. Akaeleza habari za gati, za ujumbe na za koja, lakini alipofika kwenye ncha zilizo wazi akasita, akatafuta maneno, akayakosa.

"Sema tu kwamba ana mimba," akasema Spéciose. "Miye ni mama yake. Niliijua kabla yake."

"Na baba wa mtoto?"

"Mwulize Axel wenu. Amemwahidi ndoa. Anamwahidi kila siku, kama mtabiri wa hali ya hewa anayeahidi jua."

Akazima jiko. Kisha, kwa sauti ya chini, akatoa jambo lililomkera kwa miezi mingi. Binti yake alikuwa akiimba pale jikoni, akiosha vyombo, nyimbo mpya za Mapuana. Mama alizipenda. Lakini aligundua kwamba Raïssa alizijua kabla hazijatoka redioni. Wiki moja aliimba, na wiki iliyofuata redio nayo ikaimba, kwa pumzi zile zile, kwa madaha yale yale. Ila sauti haikuwa ya Raïssa, ilikuwa ya Mapuana.

"Nilimwuliza. Akanijibu kwa Kiswidi, akajifungia chumbani. Akitaka kunidanganya hunena Kiswidi."

Kanda za darini hazikuwapo, basi. Raïssa ndiye aliyeimba. Mashine, hiyo akili mnemba isifiwayo kila pembe ya dunia, ilimvua sauti yake na kumvika ya Mapuana, kama mvishaji amvishavyo mtu gauni la mwingine. Na mashine iwezayo kuimba huweza pia kuaga.

Dafrosa alikwisha kuyaona yote. Mapuana akiimba jioni ile kwa koo lake bovu, dunia itajua kwamba nyimbo zile si zake. Mapuana akifa majini, sauti yake itaimba milele, na Axel ndiye atakayeishika. Mtu huyo hakuhitaji mwimbaji tena. Alihitaji gauni tu.

"Huwa wanarekodia wapi?" akauliza.

"Huko Märsta. Anasema ndege zikipita inabidi wangoje."

Dafrosa aliijua nyumba ile. Ilikuwa ya marehemu Bertil. Yeye mwenyewe alishona mapazia yake.

Walipanda basi hadi Spånga, wakabadilisha treni Odenplan. Spéciose aliuliza kama Mapuana alijua habari ya mimba. Dafrosa akamjibu kwamba ndiye aliyelitunga koja. Jana alijifungia chumbani na okidi zake, akimfukuza kila mtu.

"Basi alimbariki mwanangu," akasema Spéciose, "na mwanangu alikuwa akimwibia sauti." Akageukia dirishani. Mabega yake yakatikisika.

Dafrosa hakumfariji, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa na swali lililomkaba. Raïssa alilitupa koja la baraka majini: je, alitumwa kulitupa ili ionekane kwamba Mapuana amezama, naye akatii? Au alipewa la Mapuana alitupe, akalibadilisha kwa lake, akijua kwamba yuko mtu mmoja ambaye vidole vyake vingezisoma zile ncha? Na lile neno Tantine: lilimponyoka, au lilikuwa ukelele wa kuomba msaada? Jibu moja lilikuwa mtoto aliyepotea. Jingine lilikuwa mtoto aliyesimama imara penye hatari. Na uhai wa Mapuana ulikuwa katikati.

Jua la Novemba lilikuwa limeinamia misonobari walipoifikia nyumba. Gari halikuwapo mbele ya nyumba. Ndege ilipita chini mno, vioo vikatetemeka, na ilipokwisha kupita, wakasikia wimbo.

Mapuana alikuwa akiimba ndani. "Mvua ya Halawa", ubeti wa kwanza, sauti safi isiyo na doa.

"Yu hai," Spéciose akanong'ona, akajifanyia ishara ya msalaba.

Dafrosa alimkamata mkono. Alitikisa kichwa. Sauti safi haikuwa dalili ya uhai tena. Usafi wake ndio uliomwogofya. Akasimama chini ya dirisha, akaomba, kwa mara ya kwanza maishani mwake, asikie sauti mbovu.

Ubeti wa pili ukaanza. Na nyuma ya ile sauti laini, ikichelewa, ikikwaruza, ikianguka kila ilipojaribu kupanda, ikatoka sauti nyingine. Iliimba maneno yale yale. Ilikuwa kama mtu mzima anayepanda ngazi nyuma ya mtoto akimbiaye.

Dafrosa akaegemea ukuta. Machozi aliyolinyima gati yakamtoka hapo.

Mlango haukufungwa. Hilo lingepaswa kuwazuia. Mlango uliofungwa hukutisha. Ulioachwa wazi hukukaribisha, na ndio wa kuogopwa zaidi. Lakini mama amsikiaye mtoto, na mvishaji amsikiaye mwimbaji wake, hawakagui milango.

Chumbani palikuwa na spika mbili ndefu ukutani, kipaza sauti juu ya meza, na taa moja. Mapuana alikuwa kochini, amefunikwa koti lake, uso wake umepauka. Raïssa alikuwa chini miguuni pake, akizisugua nyayo zake. Alipowaona aliruka, akafunika kinywa kwa mikono yote miwili.

"Tantine. Umeliona koja."

"Nimeliona."

"Alinituma nilitupe la Mama Mapuana. Sikuweza. Nikatupa langu, yeye akiningoja garini." Maneno yakamwagika, Kiswahili na Kiswidi vikichanganyika. Axel alimleta Mapuana huku asubuhi, akasema apumzike kabla ya tamasha. Akampa chai yenye dawa, miguu yake haikumbeba tena. Axel alizichukua simu zote mbili. Alimsimamisha Raïssa mbele ya kipaza sauti, akamwambia aseme maneno ya kuaga, la sivyo mama yake ataonyeshwa nani hasa aliyeiba sauti ya mwanamke mgonjwa. Akasema. Lakini alilipenyeza neno moja lililo lake, na Axel hakulishtukia.

Spéciose hakumpiga wala hakumkaripia. Alimvuta kifuani, akamshika kisogo kama mtoto mchanga. "Tutagombana nyumbani," akamwambia. "Nimekwisha kuanza kupanga maneno."

Mapuana akainua mkono. Dafrosa akapiga magoti kando ya kochi kama alivyopiga gatini, lakini safari hii aliyeitwa aliitika. Midomo iliyokauka ikafunguka, na ile sauti ya bawaba, tamu kuliko nyimbo zote za redioni, ikauliza:

"Umekula, Dafrosa?"

Dafrosa akacheka na kulia kwa pamoja. Akamwambia kwamba hajala, na kwamba wote watakula wakishaondoka hapa. Teksi ipatikane, polisi waambiwe, daktari aitwe. Mapuana alitikisa kichwa. Alitaka gauni lake la buluu. Watu wanakuja ukumbini, alisema, na hadhira ni hadhira; hawezi kuwaacha wamlilie mtu anayeweza kukohoa. Raïssa atasimama kando yake, aimbe kwa sauti yake mwenyewe, ajulikane kwa jina lake mwenyewe. Hayo ndiyo malipo atakayoyataka kwake, wala hataki mengine.

"Nishike," akamwambia Dafrosa. "Tuone kama miguu imerudi."

Wakamwinua, Dafrosa upande huu, Spéciose upande ule. Alisimama. Akapiga hatua, akapiga nyingine. Mpaka hapo wimbo ulikuwa ukiendelea katika spika, na hakuna aliyeujali tena.

Ndipo ulipokatika katikati ya mstari.

Raïssa alitazama meza. Juu ya kipaza sauti palikuwa na kitaa kidogo chekundu, nacho kilikuwa kinawaka.

"Sikukiwasha mimi," akasema. "Tantine, sikukiwasha mimi."

Chini ya sakafu, kule kwenye chumba cha chini ambako Bertil alizoea kuweka trombone zake, kiti kilisogezwa. Dafrosa akakumbuka kwamba gari la Axel hukimbia kuliko treni, na kwamba gari halilazimiki kuegeshwa mbele ya nyumba.

Spika zikakwaruza. Si kwa hitilafu. Zilikwaruza kama koo. Kisha sauti ya Mapuana ikatoka ukutani, si ile laini ya bustanini, bali hii hii ya leo, mbovu, iliyochakaa, yenye pumzi zake zote na uchovu wake wote. Mashine ilikuwa imesikiliza kutwa nzima, nayo ilikuwa imekwisha kujifunza.

"Umekula, Dafrosa?" ilisema.

Dafrosa akageuka taratibu kumtazama mwanamke aliyemshika mkononi. Midomo ya Mapuana ilikuwa imefumbwa.

Nyayo zikapanda ngazi za chumba cha chini, na nyuma yao mlango waliouacha wazi ukafungwa, ufunguo ukazungushwa kutoka nje.